Leopards kabla ya Guadalajara: mzigo wa pembeni umebaki mgongoni mwa Elia

Tarehe 31 mwezi wa tatu 2026, timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo itashuka uwanjani Guadalajara, nchini Mexico, kwa mechi moja tu. Ikishinda itakwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1974, enzi za Zaïre. Ikishindwa, safari ya miaka zaidi ya miwili inaishia hapo. Mpinzani atajulikana siku tano kabla, Jamaica na New Caledonia watakapokutana katika mji huo huo. Mshindi wa fainali hiyo tayari amewekwa katika kundi K, pamoja na Ureno, Colombia na Uzbekistan.

Katika komine ya Kadutu, mabishano yameanza mapema. Kutoka soko kubwa hadi Nyamugo, kutoka Cimpunda hadi kiwanja cha Funu, swali linalorudiwa ni lile lile: nani aanze katikati, Cédric Bakambu, Fiston Mayele au Yoane Wissa? Ni swali tamu. Mayele ana wapenzi wengi hapa tangu alipokuwa akifungia Yanga ya Dar es Salaam, na mechi zake zilifuatwa kwa Kiswahili. Lakini ukiangalia jinsi Leopards wanavyopata mabao yao katika mechi za kufa na kupona, swali la katikati linakuja la pili. La kwanza ni la pembeni.

Mabao sita, mechi saba

Tangu mwanzo wa 2024, Leopards wamecheza mechi saba za mtoano chini ya kocha Sébastien Desabre. Nne zilikuwa za Kombe la Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire: Misri, Guinea, wenyeji, halafu Afrika Kusini kwa nafasi ya tatu. Mbili zilikuwa za mchujo wa Kombe la Dunia mjini Rabat, mwezi wa kumi na moja 2025, dhidi ya Cameroon na Nigeria. Ya saba ni ile ya Algeria katika Kombe la Afrika la Morocco, tarehe 6 mwezi wa kwanza 2026, ambayo Bukavu nzima bado inaikumbuka kwa uchungu.

Katika mechi hizo saba Congo ilifunga mabao sita, bila kuhesabu penalti za kuamua mshindi. Matatu yalifungwa siku moja, dhidi ya Guinea: Chancel Mbemba baada ya kona, Wissa kwa penalti, Arthur Masuaku kwa mpira wa adhabu uliopita kila mtu na kuingia wavuni. Bao la Cameroon, la dakika ya 91, ni la Mbemba tena, na ni kona tena. Yaani mabao manne kati ya sita yalitokana na mipira iliyokufa, na matatu ya hayo yaliwekwa wavuni na mabeki.

Yanabaki mawili tu yaliyofungwa mpira ukiwa unatembea. La kwanza ni la San Pédro, tarehe 28 mwezi wa kwanza 2024: Wissa alimpita beki wa Misri karibu na mstari wa mwisho, akainua krosi, Meschack Elia akapiga kichwa. La pili ni la Rabat, dakika ya 32 dhidi ya Nigeria: mpira uliporwa katikati ya uwanja, Bakambu akakimbia nao, akamwachia Elia, naye akasawazisha. Yote mawili ni ya mtu mmoja, na mtu huyo si mshambuliaji wa kati.

Hapo ndipo penye hofu. Timu yenye Bakambu, Mayele na Wissa, washambuliaji wanaofunga kwenye klabu zao kila msimu, inapofika kwenye mechi zisizo na kesho inategemea kona za Mbemba na mbio za Elia. Ulinzi si tatizo. Katika mechi hizo saba Congo haikuruhusu zaidi ya bao moja hata siku moja. Tatizo ni kwamba mechi zinafungwa kama chupa na hakuna wa kuzifungua. Tatu kati ya saba ziliamuliwa kwa penalti, na ile ya Algeria ilikwenda hadi dakika ya 119.

Elia, kijana wa Huye

Wapenzi wa mpira wa Bukavu wanamfahamu Elia kuliko wanavyomfahamu wengine wengi wa kikosi hiki, kwa sababu walimwona akianza. Mwaka 2016 Rwanda iliandaa CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani. Congo ilipangiwa Huye, upande wa pili wa msitu wa Nyungwe. Fainali ilichezwa Kigali tarehe 7 mwezi wa pili: Congo 3, Mali 0, na Elia, mwenye miaka 18, alifunga mawili. Akatajwa mchezaji bora wa mashindano.

Baada ya hapo akapitia TP Mazembe, kisha Young Boys ya Uswisi aliyojiunga nayo mwaka 2020. Huko alikuwa bingwa wa nchi zaidi ya mara moja, na mwezi wa kumi 2023 aliifunga Manchester City katika Ligi ya Mabingwa kwa mpira aliouinua juu ya kichwa cha kipa. Msimu huu yuko Alanyaspor ya Uturuki.

Elia si winga wa kukaa kwenye chaki na kupiga chenga kwa ajili ya kupigiwa makofi. Kazi yake ni kukimbia nyuma ya mabeki wakati ambapo macho yao yako kwenye mpira. Bao la Nigeria ndiyo picha yake kamili: wakati Bakambu anachukua mpira, Elia ameshaondoka. Pia anarudi kukaba, jambo ambalo Desabre halisamehe kwa mtu yeyote wa pembeni. Ndiyo maana jina lake karibu kila mara liko kwenye orodha ya wanaoanza.

Lakini ana upungufu unaoonekana. Akikutana na timu iliyorudi nyuma yote, isiyoacha nafasi ya kukimbilia, Elia anapungua. Huko Morocco hakufunga hata bao moja. Dhidi ya Benin, Botswana, na hata Algeria iliyokuwa ikilinda kwa nidhamu, nafasi za nyuma ya mabeki zilikuwa chache. Winga wa mbio anahitaji uwanja mbele yake, kama gari linavyohitaji barabara. Ukimweka kwenye foleni ya Nyawera saa kumi na mbili jioni, mwendo wake haukusaidii kitu.

Wissa arudi wapi?

Jina ambalo kila mtu analisubiri ni Wissa. Alifunga mabao 19 ya ligi kuu ya Uingereza akiwa na Brentford msimu wa 2024-2025, kisha Newcastle ikamnunua tarehe 1 mwezi wa tisa 2025. Siku nane baadaye alikuwa Kinshasa, uwanja wa Martyrs, dhidi ya Senegal. Bakambu alifunga la kwanza, Wissa la pili dakika ya 33, na nchi ikaanza kuota. Jioni ile iliisha vibaya mara mbili: Senegal ilishinda 3-2, na Wissa akatoka na jeraha la goti lililomkalisha nje hadi mwezi wa kumi na mbili. Michuano ya Morocco ikampita.

Kipigo hicho ndicho kilichowaweka Leopards kwenye njia hii ndefu. Walimaliza kundi na pointi 22, Senegal 24. Sare tu siku ile ingebadilisha mengi.

Sasa Wissa anacheza tena, na swali la Kadutu ni kama aanze katikati. Kwenye klabu, ndiyo, ni mshambuliaji wa kati tangu Ivan Toney alipoondoka Brentford mwaka 2024. Hata hivyo bao la San Pédro linatoa jibu lingine. Congo ina watu watatu wanaoweza kumalizia krosi. Wanaoweza kuitengeneza krosi hiyo, kwa kumpita beki mmoja kwa mmoja na kuinua kichwa kabla ya kupiga, ni wachache mno, na Wissa ni wa kwanza wao. Kumweka katikati ni kuongeza mpishi wa nne jikoni wakati hakuna aliyekwenda sokoni.

Kumweka kushoto kuna gharama yake. Ametoka kwenye jeraha refu la goti, na winga wa Desabre hukimbia mita nyingi kwa kurudi nyuma. Dakika 60 huenda zikawa ndizo anazoweza kutoa kwa nguvu yote. Basi kocha ana njia mbili: kumwanzisha ili mechi ifunguke mapema, au kumweka benchi aje kuimaliza. Kwa timu ambayo mechi zake za mtoano zina tabia ya kurefuka, njia ya pili si ya woga. Inafaa kufikiriwa kwa uzito, hata kama mashabiki watapiga kelele wakiona jina lake halipo kati ya 11.

Bongonda na wengine

Théo Bongonda ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi wakati Wissa hayupo. Mchezaji huyo wa Spartak Moscow, mzaliwa wa Ubelgiji, ndiye aliyefunga bao pekee dhidi ya Sudan mwezi wa kumi 2025, na ndiye aliyefunga bao pekee dhidi ya Benin katika mechi ya kwanza ya Morocco, tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili. Mabao hayo mawili yaliipa Congo pointi sita. Si mchezaji wa kuvutia macho dakika zote 90. Hupotea, mashabiki humlalamikia, halafu anatokea ndani ya eneo la hatari wakati ambapo hakuna aliyemtazamia. Akiwa kulia na Elia kushoto, au kinyume chake, Congo inapata uzito na kukaba. Haipati upana wa kutosha, kwa sababu wote wawili wanapenda kuingia ndani.

Nathanaël Mbuku ni habari tofauti. Ana umri mdogo kuliko wenzake, alizaliwa 2002, alilelewa Reims, akacheza timu za vijana za Ufaransa kabla ya kuchagua Congo. Alifunga bao la kwanza dhidi ya Botswana katika ushindi wa 3-0. Ana kitu ambacho Elia na Bongonda hawana kwa wingi: anaomba mpira miguuni, akiwa amesimama, na anamkabili beki. Mara nyingine anaupoteza, tena mahali pabaya. Mechi ya Botswana, iliyochezwa dhidi ya timu dhaifu zaidi ya kundi, haitoshi kuwa kipimo. Lakini kati ya waliokuwa Morocco, yeye ndiye aliyekaribia zaidi kuwa mtu wa kufungua mechi iliyofungwa.

Michel-Ange Balikwisha, aliyetoka Antwerp kwenda Celtic mwaka 2025, ana kipaji cha aina hiyo pia, ila anahitaji mechi nyingi zaidi miguuni kabla ya kuwekewa mzigo wa nchi.

Yuko pia Silas Katompa Mvumpa, ambaye Kadutu haijamsahau. Bao lake la kusawazisha dhidi ya Morocco huko San Pédro, mwanzoni mwa 2024, lilipigiwa kelele hadi usiku. Msimu wa 2020-2021 alifunga mabao 11 katika ligi ya Ujerumani akiwa na Stuttgart. Tangu wakati huo majeraha yamemkatisha mara kwa mara, na mwaka 2025 yalimweka nje muda mrefu. Akiwa mzima, mbio zake za mita 40 hakuna mwingine kikosini anayezifikia. Neno zito hapo ni "akiwa mzima".

Mabeki wa pembeni nao wamo katika hesabu hii. Mawinga wanapoingia ndani, anayepaswa kupanda na kuupanua uwanja ni beki. Kulia, Aaron Wan-Bissaka wa West Ham amekuja kuziba upande uliokuwa ukivuja. Kwa kupora mpira ana wenzake wachache ulimwenguni. Kwa kupiga krosi, hilo halijawahi kuwa jina lake. Kushoto kuna Masuaku na Joris Kayembe wa Genk, ambaye ujanani, pale Porto, alikuwa winga kabla ya kurudishwa nyuma. Ndiyo maana mashambulizi ya Congo yanaegemea kushoto, na wapinzani wameshaliona hilo. Upande wa kulia, winga ndiye anayelazimika kukaa kwenye chaki, apende asipende. Bongonda hapendi. Mbuku anaweza.

Dakika ya 119

Mechi ya Algeria inafaa kurudiwa kwa sababu ya namna ilivyoisha. Kwa karibu saa mbili, timu hizo mbili zilikabana bila bao. Ulinzi wa Congo ulisimama imara, kipa Lionel Mpasi alifanya kazi yake, na wengi walishaanza kuhesabu wapiga penalti. Halafu Adil Boulbina, mshambuliaji wa pembeni aliyetoka benchi na miguu mibichi, akapokea mpira kushoto, akaingia ndani, akapiga shuti la juu lililomshinda Mpasi. Dakika ya 119. Hapakuwa na kosa kubwa la beki la kulaumiwa. Kulikuwa na winga aliyeweza kitu hicho, na kocha aliyekuwa amemweka akiba.

Desabre hakuwa na mtu wa namna hiyo wa kumwita. Alikuwa na wachezaji wa kubadilisha waliochoka, na tofauti yake ni kubwa. Katika mpira wa leo, wenye nafasi tano za kubadilisha na ya sita mechi ikiingia muda wa nyongeza, benchi ni nusu ya mpango. Leopards wamejijengea sifa ya kutokufa mapema. Wanabana, wanasubiri, wanafika dakika ya 80 wakiwa bado hai. Mpango wa namna hiyo unadai kuwe na mtu mmoja wa kuuma mwishoni. Rabat alikuwa Mbemba, kwa kona. Kumtegemea beki wa kati kila mara ni kucheza bahati nasibu.

Jamaica, ikiwa ndiyo itakayofika, itakuwa mpinzani wa aina mbili. Ina wachezaji wenye mbio kama Demarai Gray, na ikiamua kufunguka Elia atapata barabara yake. Lakini timu hiyo ilimaliza kundi lake kwa sare ya 0-0 nyumbani dhidi ya Curaçao, wakati ushindi ungeipeleka Kombe la Dunia moja kwa moja, na kocha wake Steve McClaren akajiuzulu usiku ule ule. Timu iliyoumia hivyo inaweza kuja kwa tahadhari. New Caledonia, ikifanya maajabu, itajaza watu nyuma bila aibu. Katika hali zote hizo mbili za mwisho, Congo ndiyo itakayotakiwa kuufungua mchezo.

Kuna jambo dogo la jiografia ambalo watu wa Bukavu wanaweza kujivunia: Guadalajara iko juu ya mita 1,500, karibu sawa na mji wao. Hewa ya pale ni kama hewa ya Kadutu. Bahati mbaya ni kwamba karibu kikosi chote kinaishi Ulaya, kwenye nchi tambarare, kwa hiyo faida hiyo inabaki kwa watazamaji.

Kutoka Funu hadi kikosini

Angalia tena orodha ya mawinga. Wissa na Mbuku wamezaliwa Ufaransa, Bongonda na Balikwisha Ubelgiji. Elia na Silas wamezaliwa Kinshasa. Si kosa la yeyote. Waliochagua nchi ya wazazi wao wameipa heshima, na bila wao Congo isingekuwa hapa. Lakini kati ya wote hao, Elia peke yake ndiye aliyepanda ngazi ya ndani: klabu ya nchini, TP Mazembe, CHAN, halafu Ulaya. Na ngazi hiyo imelegea.

Dalili ilionekana mwezi wa nane 2025, CHAN ilipochezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Congo, bingwa wa 2009 na 2016, ilifungwa na Kenya 1-0, ikafungwa na Morocco 3-1, na ushindi dhidi ya Zambia na Angola haukutosha kuivusha kundi. Hakuna kijana aliyerudi kutoka Nairobi akiwa na jina kama alilorudi nalo Elia kutoka Kigali.

Kwa Kadutu ngazi haijalegea tu. Imeondolewa ukutani. Uwanja wa Concorde uko hapa hapa, ndani ya komine, na kwa miaka mingi ndipo OC Muungano na Bukavu Dawa walipokutana mbele ya watu waliojaa hadi juu. Tangu katikati ya mwezi wa pili 2025 mji uko mikononi mwa AFC/M23. Uwanja wa ndege wa Kavumu, uliokuwa njia ya klabu za hapa kwenda kucheza kwingine nchini, hautumiki kwa safari za abiria. Kijana wa miaka 17 mwenye kipaji, ambaye miaka kumi iliyopita angeonekana na klabu ya Lubumbashi au Kinshasa katika mechi ya ligi, leo anaonekana na majirani zake.

Wanaofundisha watoto kwenye viwanja vya Kadutu wanajua pia kizuizi kingine, cha ardhi yenyewe. Komine imejengwa kwenye miteremko, nyumba zimebanana, korongo za mmomonyoko zinakula hata mahali palipokuwa wazi. Mpira unachezwa kwenye vichochoro na vipande vya ardhi visivyo na upana. Mazingira hayo yanalea wachezaji wenye mguu mwepesi na chenga za karibu, wanaojua kutoka katikati ya watu watatu. Winga wa mbio ndefu ni vigumu kumlea mahali ambapo mita 20 za usawa ni anasa. Funu ni kati ya sehemu chache zinazotoa nafasi hiyo, na ndiyo maana huwa haikosi watu.

Ajabu ni kwamba hicho ndicho Leopards wanachokikosa sasa: mtu wa chenga za karibu, anayepokea mpira miguuni katikati ya msongamano. Mchezaji wa aina ya Kadutu, kwa maneno mengine.

Uhusiano wa timu hii na Mashariki hauko kwenye asili ya wachezaji peke yake. Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, kabla ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji na kocha wao walisimama wakati wa wimbo wa taifa wakiwa wamefunika mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili vya mkono mwingine kichwani, kama bastola. Walikuwa wanazungumzia vita vya Kivu na ukimya wa dunia. Picha hiyo ilizunguka ulimwengu mzima. Mwaka mmoja na siku chache baadaye, vita hivyo viliingia Bukavu.

Desabre atatangaza kikosi chake mwezi wa tatu. Majina mawili yataangaliwa kwanza: Wissa, kuona kama goti limempa ruhusa, na Silas. Kisha itabaki kuona nani amewekwa kulia, kwa sababu kushoto, iwe Wissa au Elia, kuna jibu. Kama ni Bongonda, kocha amechagua uzito na uzoefu, na atasubiri kona. Kama ni Mbuku, ameamua kuushambulia mchezo mapema, huku Bongonda akibaki benchi kama mtu wa kuingia na kuiba bao. Kwa namna Leopards walivyotoka Morocco, chaguo la pili lina hoja nyingi zaidi.

Kati ya Guadalajara na Bukavu kuna tofauti ya saa nane, kwa hiyo hata mechi ya mchana kule itakuwa ya usiku hapa. Wenye sale za video za Kadutu wameshaanza kuhesabu mafuta ya jenereta, kwa sababu umeme wa SNEL hauahidi mtu, na mechi za Leopards, kama ilivyoonekana, hazina desturi ya kuisha kwa dakika 90.